Mlango wa buti kwenye gari la zamani: padi ya kuagiza, sponji ya AC, raba ya foili au feliti?

Wakuu, hili swali la nini cha kubandika kwa ndani ya mlango wa buti nimeulizwa na watu watatu ndani ya mwezi mmoja na wote wamekwama palepale. Bodi imenyooshwa, rangi imepigwa, mpira mpya umefungwa, sasa ukifungua buti unaona bati tupu kwa ndani ya mlango na mabaki ya gundi ya miaka arobaini, na kila fundi anakuja na jibu lake. Mmoja anasema weka feliti (kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa) kama zamani, mwingine anasema jaza ile raba yenye foili mpaka mlango ukifunga usikie "tup", mwingine anakwambia achana nayo, ni mlango wa buti tu, nani atauona. Kila mmoja ana sababu zake na kila mmoja anaongelea magari aliyozoea yeye.

Mi yangu ni Benz W123, 200 ya petroli, ukoo ule uliotengenezwa kuanzia 1976 mpaka katikati ya miaka ya 80, zikatoka karibu milioni 2.7, ndo maana mpaka leo huku kwetu hazijaisha barabarani. Nilivyoinunua, mwenye gari wa kabla yangu alikuwa amebandika sponji ya godoro mlango mzima wa buti akafunika na kapeti, kwa kuangalia ilikuwa nadhifu kweli. Nimekaa nayo masika mbili pale Tanga bila kuigusa. Siku tunaivua na fundi bodi ile sponji ilikuwa imelowa kama dekio, na bati chini yake, kwenye ule mshono wa chini kabisa mlango unapokunjwa, lilikuwa limeoza kiasi bisibisi inaingia bila kusukumwa. Tulikata kipande kirefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidoleni tukachomelea kipya. Iliniuma sana, kwa sababu gari kwa nje haikuwa na hata tone la kutu. Kwahiyo mtanivumilia nikianza na maji kabla ya ukimya na uzuri.

Vitu vya kupima kabla hujatoa hela

Maji kwanza. Watu wanadhani maji kwenye mlango wa buti yanaingia kwa mvua tu, kwenye mpira uliochoka, taa za namba, tundu la kitasa na vitundu vya zile herufi za chrome. Kweli yanaingia huko, lakini mengine hayaingii popote, yanazaliwa humohumo: usiku bati linapoa haraka kuliko hewa iliyofungiwa ndani ya buti, unyevu unageuka matone ya maji chini ya bati kama unavyoona kwenye kifuniko cha sufuria, na ukanda wa pwani hii inatokea karibu kila usiku. Kitu chochote utakachobandika pale ama kizuie ile hewa isifike kabisa kwenye bati, ama kiruhusu bati likauke. Kinachokaa katikati, kinachopitisha unyevu kuingia alafu hakiachii utoke, ndo kinachoua magari.

Joto. Bati lenye rangi nyeusi au bluu iliyokolea likishinda juani linaweza kufika nyuzi 70 na zaidi, na kumbuka mlango ukiwa umefungwa ile padi inaning'inia kichwa chini ikiwa imeshikwa na gundi peke yake. Gundi nyingi za kawaida, hasa ile ya kopo ya mafundi viatu, zinaanza kulegea kwenye joto la namna hiyo. Ndo unakuta mtu kabandika vizuri mwezi wa sita, mwezi wa kwanza padi imelala juu ya tairi la akiba.

Sauti, na hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuna mtetemo wa bati lenyewe, yaani bati pana linapiga kama ngoma kila ukipita kwenye rafu, na kuna kelele inayosafiri kwenye hewa ya buti, ya tairi na ekzosi, ikigonga bati na kurudi mpaka kwenye kabini. Ya kwanza inatibiwa na kitu kizito kinachonata kwenye bati. Ya pili inatibiwa na kitu laini chenye vinyweleo kinachoinyonya. Dawa ya moja haitibu nyingine, ukinunua ile isiyohusika na ugonjwa wako utasema umeibiwa.

Alafu kuna uzito, maana springi za bawaba zilipimwa kwa mlango mtupu, ukiongeza kilo nyingi mlango hausimami juu tena, unashuka wenyewe ukiwa umeinamia mizigo. Kuna moto, na kwa W123 sedani hili sio dogo kwa sababu tangi la mafuta liko ndani ya buti nyuma ya mgongo wa siti. Kuna uasili, kwa wale wanaotaka gari ionekane ilivyotoka kiwandani. Na mwisho kuna upatikanaji, bei, na kubandua, kwa sababu siku moja utapigwa nyuma na bodaboda na fundi bodi atataka kufika kwenye bati.

Nimechagua njia nne ambazo mtu wa huku anaweza kuzipata kweli, zote nitazipitisha kwenye maswali hayohayo.

Padi ya kuagiza, iliyokatwa kwa gari yako

Hii inakuja ikiwa imeshakatwa kwa umbo la mlango, matundu yote ya kitasa na nyaya yakiwa mahali pake. Wanazitengeneza Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa magari ya zamani yenye wapenzi wengi. Kabla hujaagiza hakikisha kama gari yako ilikuja nayo, kwa sababu milango mingi ya buti ya zamani ilitoka kiwandani ikiwa na rangi tu, mingine ilikuwa na ubao mwembamba kwa klipu, mingine sponji. Tumia namba ya chasisi kutafuta kwenye katalogi ya spea, usitumie picha ya gari la mtu maana hujui na yeye aliwekewa na nani.

Maji: inategemea imetengenezwa na nini. Nyingi ni sponji ya poliyurethani yenye ngozi nyeusi upande mmoja, na sponji hii ina tabia mbili. Ya aina ya poliesta inavunjwavunjwa na unyevu ukichanganyika na joto, ile ya poliitha inavumilia unyevu vizuri zaidi. Wenye W123 mnaijua hii hata kama hamkujua jina lake, si mmeona ile padi ya chini ya boneti inavyogeuka unga mweusi unaonata kwenye vidole? Ndo hiyo. Muulize muuzaji ni ipi, muuzaji anayejua anachouza atakujibu.

Joto na sauti: kunyonya kelele ya hewani iko vizuri, joto inapunguza, mtetemo wa bati haigusi sana kwa sababu ni nyepesi.

Uzito na moto: nyepesi mno, springi hazitajua kama kuna kitu. Za kampuni makini zinaandikwa zimepimwa kwa kiwango cha Marekani cha FMVSS 302, kinachotaka kitu cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Tafuta hayo maandishi.

Uasili: hakuna ya kuishinda kama gari ilikuja nayo. Kwa majirani zetu Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, gari inakaguliwa mpaka sehemu usizodhani, na padi sahihi inaonekana palepale buti likifunguliwa.

Kuipata na kuibandua: hapa ndo inapouma. Bei yake, usafiri, ushuru, na kungoja. Kifurushi ni chepesi lakini kikubwa, na wasafirishaji wengi wanakuchaji kwa ukubwa wa boksi, kwahiyo uliza kama inaweza kuviringishwa bila kukunjika. Kubandua ni rahisi ikiwa mpya, ikizeeka inatoka vipandevipande.

Inamfaa anayerudisha gari kwenye hali ya kiwandani, na ambaye gari inalala ndani.

Sponji nyeusi ya raba, ile ya mafundi AC

Mnaiona kila siku kwenye mabomba ya AC, ile nyeusi inayovikwa kama soksi. Inauzwa pia kwa shiti na kwa roli, nyingine zikiwa na gundi tayari nyuma. Unene unaofaa kwa mlango wa buti ni milimita 6 mpaka 10, ukizidi hapo itagusa mizigo na pembeni haitakaa chini ya mbavu za mlango, yaani zile bati za ndani zinazouimarisha.

Maji: hapa ndo nguvu yake. Vitundu vyake vimefungwa kimoja kimoja, hainyonyi maji, na imebuniwa kabisa kuzuia umande usitoke kwenye bomba la baridi, yaani tatizo lile lile la bati letu la usiku. Ila sharti lake ni moja na ni gumu: lazima ishike kote. Ukiacha kiputo cha hewa katikati, unyevu ukipenya pembeni unakaa humo haukauki tena. Bati liwe safi, limepigwa praima na rangi, likafutwa mafuta, alafu unabandika toka katikati ukienda nje, pembeni zote unabonyeza kwa kidole.

Joto na sauti: kwa joto iko juu sana, kwa unene mdogo inafanya kazi kubwa na yenyewe inavumilia joto la bati bila kubadilika. Kwa sauti ni wastani. Inatuliza bati kidogo, ila kelele ya hewani haiinyonyi sana kwa sababu ya vile vitundu vilivyofungwa, sauti haipati pa kuingia. Mtu akikuahidi ukimya kwa hii peke yake usimwamini.

Uzito na moto: nyepesi. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya majengo kwahiyo zina dawa ya kutoshika moto kirahisi, lakini sio zote, soma karatasi yake, na kama haina karatasi kata kipande kidogo ukajaribu nje mbali na gari. Kiberiti kikitoka na moto unakufa wenyewe, sawa. Ukiendelea na kudondosha matone yanayowaka, rudisha.

Uasili: hakuna, lakini ikikatwa kwa ustadi inaonekana nadhifu na nyeusi, wengi hawatagundua.

Kuipata na kuibandua: inapatikana mji wowote wenye fundi AC, na bei yake ndogo ukilinganisha na kuagiza. Kipande cha mlango mmoja unaweza hata kukata kwenye roli ya mtu. Kubandua ni kazi ya wastani, raba inatoka lakini gundi inabaki, na gundi unaitoa kwa white spirit (ile thina laini) taratibu ukianza kujaribu sehemu iliyojificha, kwa sababu rangi nyingine hazipatani nayo. Thina kali usiisogeze hapo.

Inamfaa mtu wa pwani na wa ziwani, anayelaza gari nje, anayetumia gari kila siku.

Raba ya butyl yenye foili

Hii ndo inayopendwa na vijana wa muziki, shiti nyeusi inayonata upande mmoja na foili ya alumini upande wa juu, unene wake mara nyingi milimita 2. Kazi yake ni moja na inaifanya vizuri kuliko zote, inashika mtetemo wa bati na kuugeuza kuwa joto dogo sana ndani ya ile raba. Ile foili sio pambo, inaifanya raba ivutike katikati yake na bati kila bati linapotetemeka, bila foili ingefanya kazi nusu.

Maji: ikishika kwenye bati safi na ukaviringisha rola mpaka zile alama za foili zikalala, maji hayana pa kupita. Ikibandikwa juu ya kutu au vumbi la msasa, kutu inaendelea chini kwa chini na huioni kabisa mpaka ukiona rangi ya nje imevimba.

Joto na sauti: joto inasaidia kidogo tu, usidanganywe na ule mng'ao wa foili. Foili inarudisha joto ikiwa na nafasi ya hewa mbele yake, lakini raba imegusana na bati moja kwa moja kwahiyo joto linapita. Kwa mtetemo gonga mlango kwa kifundo cha kidole kabla na baada, utasikia ngoma imegeuka mlango. Kelele ya hewani haiinyonyi.

Uzito: ya milimita 2 ni kama kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Mlango wangu nilipima sehemu za wazi katikati ya mbavu nikapata chini kidogo ya mita moja ya mraba, kwahiyo kujaza kote ni karibu kilo 3, kwa springi za zamani hizo zinatosha kuufanya mlango ushuke wenyewe. Habari njema ni kwamba huna haja ya kujaza. Kama robo ya eneo ikiwekwa katikati ya kila paneli, pale bati linapocheza zaidi, inaua sehemu kubwa ya mtetemo, hapo hufikishi hata kilo 1.

Moto: hapa angalia sana usiuziwe lami ukiambiwa butyl. Shiti za bei ya kutupa mara nyingi ni lami yenye foili, ile ya kuzibia paa. Inanuka lami hasa mchana, kwenye jua inalainika na kuteleza, na lami inawaka. Weka kipande juu ya bati juani mchana mmoja, ukikuta kimeteleza au kinachuruzika pembeni, kipeleke kwenye paa.

Uasili: hamna, ule mng'ao unaonekana hatua kumi. Wengine wanapaka rangi nyeusi juu, wengine wanafunika na ubao.

Kuipata na kuibandua: maduka ya muziki wa magari wanayo, bei inategemea kampuni, na kwa sababu unahitaji robo tu shiti chache zinatosha. Kubandua ndo mtihani, niseme ukweli. Inashika kama imezaliwa pale, ukilazimisha inaondoka na rangi. Draya ya nywele inalainisha, alafu unavuta pole pole na kisu cha plastiki. Vaa glavu, foili inakata vidole kama wembe.

Inamfaa mwenye mlango unaopiga kelele, mwenye spika kubwa nyuma, na ambaye ana uhakika na bati lake.

Feliti na ubao, kazi ya fundi viti

Hii ndo njia ya zamani zaidi, feliti nene ya pamba au juti, imefunikwa na ubao mwembamba uliovishwa kapeti au leza, inashikwa kwa klipu kwenye vitundu vya mlango. Nina mapenzi nayo kwa sababu inafanywa na mikono ya hapa. Fundi viti mzuri anachukua boksi, anakata kielelezo, anajaribu mara tatu nne, na ukimpa rangi ya kapeti ya buti lako anakuletea kitu kinachofanana na gari utadhani ilizaliwa nacho.

Maji: hapa ndo mtihani wake. Feliti inanyonya. Ikilowa inakaa na maji siku nyingi, inaota ukungu, buti linanuka kama stoo ya mahindi, na chini yake bati linapata yaleyale yaliyonipata mimi na godoro. Ila kuna tofauti moja kubwa: feliti ikishikwa na ubao wa klipu haibandikwi kwenye bati. Unaacha nafasi ya hewa, na ukishuku unyevu unatoa klipu kwa dakika tano unaanika juani unarudisha. Ambaye ataibandika feliti kwa gundi moja kwa moja kwenye bati, namwomba kwa heshima aache.

Joto na sauti: kwa kunyonya kelele ya hewani ni nzuri sana, kwa joto nzuri hasa na ile nafasi ya hewa. Mtetemo wa bati haigusi.

Uzito na moto: ikiwa kavu wastani, ikilowa nzito. Feliti isiyo na dawa inaweza kuwaka polepole kwa ndani bila kuonyesha moto, kwahiyo nyaya za taa za namba zipitishe mbali na ziwe kwenye bomba lake.

Uasili: inategemea gari. Kwa zilizokuja na ubao wa klipu hii ndo karibu zaidi na ukweli kwa bei ya hapa. Kwa zilizokuja tupu itakuwa ni pambo, zuri lakini pambo.

Kuipata na kuibandua: rahisi pande zote mbili. Klipu nunua za ziada, zinavunjika.

Inamfaa mtu wa sehemu kavu, Dodoma, Singida, kaskazini ya Kenya, au popote gari inapolala ndani na kutoka wikendi.

Na zile nyingine mnazoniuliza

Ile foili ya mapovu ya chini ya mabati ya nyumba, ukiigundisha kwenye bati inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake kwa sababu haina hewa mbele. Ikiwa nyuma ya ubao wa klipu na nafasi ya sentimita moja, inasaidia joto. Sponji ya godoro nimeshasema habari zake za maji, za moto ni mbaya zaidi, inashika haraka na moshi wake ni sumu, karibu na tangi la mafuta haina nafasi kabisa.

Wenye Beetle, nyie mlango wa nyuma ni wa injini, buti lenu liko mbele. Hayo niliyoandika ni ya buti. Juu ya injini kuna joto la aina nyingine na mivuke ya petroli, huko tumia kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya injini tu.

Na kuacha tupu nayo ni njia. Bati limepigwa rangi vizuri, wakisi ya kuzuia kutu imepulizwa ndani ya mbavu, hakuna kitu cha kubana maji, kutu ikianza unaiona siku hiyohiyo. Utavumilia kelele na joto.

Bati kabla ya chochote

Yoyote utakayochagua, kazi ya kwanza ni kutoa ya zamani. Sponji iliyozeeka ikwangue na kisu cha plastiki, vaa barakoa maana ule unga unaingia kifuani. Kama kilichopo ni kitu cha nyuzi cha kijivu kilichokaa tangu enzi, usikipige msasa, vitambaa vingine vya magari ya zamani vilikuwa na asbesto, kiloweshe kwanza utoe kikiwa kibichi ukifunge kwenye nailoni. Alafu tafuta vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa mlango, vipo, mara nyingi vimezibwa na puti na rangi ya fundi wa zamani. Vizibue kwa waya laini. Hivi vitundu usivifunike na kitu chochote, iwe padi ya bei kubwa au ya bure. Na mbavu za ndani usizijaze sponji ya kupuliza, nimeona gari mbili zimefanyiwa hivyo na zote mlango uliozea ndani.

Kuchanganya inaruhusiwa. Mi mwenyewe nimeweka vipande vya butyl katikati ya kila paneli, juu yake sponji ya AC ya milimita 6, pembeni zote zimefungwa, sentimita mbili za chini kabisa nimeacha bati wazi ili nione. Masika imepita moja na pale chini bado pakavu.

Sasa wewe uko wapi?

Kama uko pwani na gari inalala nje, anza na sponji ya AC, na kama mlango unapiga ngoma tanguliza vipande vya butyl chini yake. Kama uko sehemu kavu na unapenda ndani ya buti pavutie, mpe kazi fundi viti, feliti na ubao wa klipu. Kama unaandaa gari kwa mashindano au kwa mnunuzi anayejua anachokitafuta, hakikisha kwa namba ya chasisi alafu agiza padi sahihi, na kama ilitoka kiwandani tupu iache tupu, rangi safi itakulipa zaidi. Mwenye spika kubwa nyuma, butyl, lakini pima mlango kila ukiongeza shiti, ukianza kushuka simama hapo. Mwenye bajeti ya mwezi huu tu, wakisi ndani ya mbavu na bati tupu, mengine yatakuja.

Na kama hujajua bado mpira wa buti unabana au haubani, usibandike chochote wiki hii. Paka chaki kwenye ule mdomo wa bati mpira unapokalia, funga mlango, fungua, angalia mpira. Palipo na mstari wa chaki panabana. Palipokatika ndo maji yanapopita, na hapo ndo pa kwenda na hela ya kwanza.